Kifaru cha Dinky: Feki Huwa Kidogo Kuliko Halisi

Haya jamani, karibuni. Mezani vifaru viwili vya vita vya kuchezea, aina ya Centurion, namba 651 ya Dinky, chapa ya midoli ya chuma; modeli iliyoanza kutoka Liverpool mwaka 1954. Historia yake mnaijua, naruka. Kimoja halisi, kingine kopi, na ukivitazama kwa macho tu unapigwa.

Kwanza, acheni kugeuza chini kusoma maandishi! Fundi wa feki anazamisha kifaru halisi kwenye silikoni kupata kalibu, halafu anamimina humo bati lililoyeyushwa lenye risasi, kwa hiyo jina na namba vinatoka vilevile. Na zile chaneli zinazofundisha kupima kwa sumaku, jamani, halisi ni ya zinki, na zinki haishiki sumaku, bati wala risasi hazishiki. Sasa unapima nini?

Asichoweza kunakili fundi huyo ni ukubwa. Bati likipoa kwenye kalibu linasinyaa, na kopi inatoka ndogo.

Angalieni mkono. Hii ni kalipa, kipimo cha taya mbili chenye kioo cha namba. Chukua ya chuma, ya plastiki inapinda. Nafunga taya, nabonyeza sifuri. Mtutu sipimi, huwa umepinda. Minyororo ya raba siijali kabisa, ya kubadilishia inauzwa kila mahali, haithibitishi chochote. Napima bodi: urefu, upana, kimo. Halafu palepale, pembe ileile, kwenye hiki cha pili. Tegemea pungufu la nusu milimita hadi moja kwa kila milimita 100. Pungufu likiwa sehemu moja tu, huo ni uchakavu. Likiwa pande zote tatu kwa uwiano uleule, rudisha mzigo.

Mjanja anapaka rangi nene kufidia. Tafuta sehemu ambayo rangi haijafika vizuri, pimia hapo. Ukiwa hapohapo kwaruza kidogo kwa ukucha: bati lenye risasi nyingi linaacha alama, zinki inakucheka.

Huna halisi ya kulinganishia? Mwombe mwenzako apige picha kalipa ikiwa imeshika bodi, namba zionekane. Namba za kutajiwa kwa mdomo usizipokee.

Ila kuna mahali kalipa inadanganya: seti za vifaru vya Dinky za kabla ya vita, namba 151 na 152 za mwaka 1937. Zinki yake iliingia uchafu wa risasi, ikizeeka inavimba na kupasuka. Halisi inaweza kuzidi kipimo chake cha kiwandani, na kopi iliyotolewa kwenye kifaru kilichovimba inaweza kusoma sawasawa na kizima. Hapo washa tochi, itazame kwa pembeni kwenye nyufa. Ufa wa kweli una kina na kingo kali. Ufa wa kopi ni kamfereji kalikolala, na ncha zake butu.

Bei? Kopi ikiuzwa kama kopi, sina ugomvi, ipange kabatini. Ikiandikwa halisi, dai picha tatu za kalipa kabla hujatuma hela. Maboksi tunayafanya video ijayo, bonyeza kengele.