Signal: app ya meseji ninayoiachia kontakti zangu

Kusema ukweli kwa sasa Signal ndo app ya meseji naiamini, na sio maneno yao matamu, ni rekodi: 2016 waendesha mashtaka Marekani waliwataka data za watumiaji, walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia, basi, hakuna meseji wala majina ya watu. Iko chini ya taasisi isiyo ya faida, haiuzi matangazo. WhatsApp nayo, kama Signal, inafunga meseji zisisomwe na mtu wa kati, ila mwenye nayo ni Meta (kampuni ya Facebook) na Meta anakula kwa matangazo. Kinachoniudhi Signal bado inataka namba ya simu kujisajili, ingawa tangu 2024 unaweza kuificha ukatumia jina la mtumiaji (username). Ndugu wengi hawapo huko bado, mama nimemwekea mwenyewe na anapiga video bila shida