Tovuti ya SWPC: kwa hali ya jua iko vizuri sana, kwa kutabiri kimbunga hapana

Naitumia sana tovuti ya Space Weather Prediction Center (SWPC), kile kitengo cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, kilichoko Boulder, Colorado. Ni ya bure na ukifungua tu unakutana na vipimo vitatu, R ya redio kukatika, S ya mionzi na G ya dhoruba za sumaku (jua linapotikisa sumaku ya dunia), kila kimoja 1 mpaka 5, yaani hata mgeni anajua leo kukoje.

Ukurasa ninaoupenda ni wa mzunguko wa jua, ule wa miaka kama 11 wa jua kuchachamaa na kupoa, kwa sababu kuna hoja kwamba madoa ya jua (yale meusi usoni mwake, dalili ya kuchachamaa) yakiwa mengi vimbunga vya Karibiani na Ghuba ya Mexico vinalegea. Wenye hoja ni James Elsner na Thomas Jagger wa Florida State University, waliiandika 2008, na maelezo yao yanaingia akilini: jua likichachamaa linatoa miale mingi ya urujuanimno, ozoni inainyonya, hewa ya juu inapata joto, na kimbunga kinakula ile tofauti ya bahari ya moto chini na baridi kule juu, sasa tofauti ikipungua nacho kinakosa nguvu. Ila mashariki mwa Atlantiki, ambako maji hayana joto hivyo, waliona kinyume chake, na hiyo sehemu ndo watu wanairuka wakisimulia!

Weka grafu ya SWPC kando ya kumbukumbu za National Hurricane Center, kituo cha Marekani cha kufuatilia vimbunga, uone. 2020 jua limepoa, dhoruba 30 zikapewa majina. 2013 madoa mengi, harikeni (dhoruba zilizofikia nguvu ya kimbunga kamili) mbili tu. Safi, si ndio? Halafu 2024 jua liko kileleni na harikeni Beryl, Helene na Milton zikapiga vile vile. Joto la bahari na El Niño vina uzito mkubwa kuliko jua, jua linasukuma kidogo tu, kwa hiyo programu yoyote inayokuuzia tarehe ya kimbunga kwa kuangalia mlipuko wa jua usiipe hela yako.

Pale inapookoa watu ni kwenye redio. 6 Septemba 2017 jua lilitoa mlipuko wa X9.3 (X ndiyo daraja la milipuko mikubwa kabisa) wakati harikeni Irma iko Karibiani, mawasiliano ya mawimbi mafupi yakakatika kipindi ambacho wa dharura wanayategemea. Na 9 Oktoba 2024, siku ile ile Milton inaingia Florida, SWPC walitoa tahadhari ya G4, kesho yake dhoruba ya sumaku ikafika kweli, na waliwaambia mapema watu wa umeme na wa maafa. Hiyo kazi naiheshimu mno.

Nyota tano kwa anayeendesha redio ya dharura, na kwake nashauri 1 Juni hadi 30 Novemba, msimu wa vimbunga vya Atlantiki, afungue hii na ya National Hurricane Center kwa pamoja, akiona R3 ajue njia nyingine ya kuwasiliana iwe tayari.