Fisio wa wodi ya mifupa: nyota nne, ya tano imeondoka na Jumapili

Naandika hii nimekaa barazani na mamangu yuko juu darini, amepanda mwenyewe kwa miguu yake, kwa hivyo mnisamehe kama nitarefusha maneno. Mama alianguka msalani Jumanne moja baada ya magharibi, sakafu ilikuwa na maji, na nyonga ya kushoto ikavunjika pale kwenye shingo ya paja. Ana miaka 74. Ijumaa akapasuliwa akatiwa nusu nyonga ya chuma na kwa jumla tulikaa wodini siku 12. Jina la hospitali siliweki kwa sababu nina malalamiko pia na sitaki mfanyakazi wa chini aje aulizwe kwa maneno yangu, iko hapa hapa kisiwani Mombasa, bas.

Na hii riviu si ya hospitali nzima. Daktari alipasua vizuri, masista walijitahidi, chakula tulikuwa twaleta nyumbani. Nataka kusema habari za timu ya fisio, wale wa mazoezi ya viungo, wa wodi ya mifupa na haswa yule mama inchaji, mkubwa wao, kwa sababu kabla ya hapo nilidhani fisio ni mtu wa kuja kukanda mguu kisha aende zake. Opresheni yenyewe ilikuwa ya saa moja na kitu. Kilichomfanya mama atembee ni vile yule inchaji anavyowapanga watu wake kila asubuhi, na hilo wallahi sikuwa nalijua.

Niwaambie kwanza kwa nini najali hivi. Kakangu alivunjika paja miaka kadhaa nyuma, hospitali nyingine, akalazwa mguu umefungwa uzito unavutwa, wiki 6 chali kitandani. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumwambia chezesha kifundo, kaza msuli wa paja, vuta pumzi ndani. Mfupa uliunga lakini goti likakauka, mpaka leo hawezi kukaa mkekani na wenzake kula sinia, analetewa kiti. Kwa hivyo mama alipoanguka mimi nilikuwa nishamuona kwa macho yangu kwenye kile kiti.

Alhamisi, siku moja kabla ya thieta, inchaji akaja mwenyewe. Hakugusa mguu mbovu. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho na mama, akamtolea salamu, akamueleza kesho yatakuwa hivi na kesho kutwa hivi, akamfundisha kuvuta pumzi ndefu ili mapafu yasijae, na kupandisha na kushusha vidole vya miguu yote miwili, mara 10 kila saa akiwa macho, damu isigande miguuni. Akaniambia mimi nikiona kigimbi cha mguu mmoja kimevimba kina joto na kinauma, au mama kapungukiwa na pumzi ghafla, nisingoje asubuhi, niite sista hapo hapo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyeuliza, nyumbani kuna ngazi ngapi? Nikamwambia sijawahi kuzihesabu. Akasema nenda kahesabu, pima na urefu wa ngazi moja, piga picha, na angalia mkono wa kushikilia uko upande gani.

Nikaenda. Ngazi 16, za mbao, nyembamba, kila moja sentimita 21, mkono mmoja tu, kulia kwa anayepanda. Nimezaliwa nyumba hii na ndio siku ya kwanza kuzihesabu.

Sasa niwaeleze asubuhi zao maana hapo ndipo kazi ilipo. Saa mbili kasorobo wanakusanyika kwenye ubao mweupe karibu na meza ya masista, fisio wanne na wanafunzi wawili wa chuo. Kwenye ubao ni namba ya kitanda, siku ya ngapi tangu opresheni, na neno moja la mguu: hakanyagi, akanyaga kiasi, akanyaga wote. Inchaji anauliza kitanda baada ya kitanda nani alilala vibaya, nani presha ilishuka, nani anahitaji watu wawili na nani mmoja atosha, nani anarudi nyumbani leo na je ameshapanda ngazi. Kisha anazunguka na madaktari kwenye raundi, halafu ndio kazi inaanza. Siku moja kulikuwa na kitanda ambacho maandishi ya daktari hayakueleweka, mwanafunzi akasema pengine ni akanyage kiasi. Yule mama akachukua simu akampigia daktari mbele ya wote, ikawa hakanyagi kabisa. Hakumfokea mwanafunzi, alimwambia tu, "Hapa hatusimamishi mtu kwa pengine," wakaendelea na kitanda cha pili.

Jambo jingine nililoliona kwa karibu. Kitanda cha mkabala, upande wa wanaume ng'ambo ya korido, kuna kijana wa bodaboda, mguu umetiwa chuma chini ya goti, ameambiwa akanyage kiasi. Kiasi ndio kiasi gani? Inchaji akaleta mizani ya kujipimia uzito, ile ya kawaida ya bafuni, akaiweka chini mbele ya kijana akiwa kwenye magongo, na pembeni kibao cha unene ule ule kwa mguu mzima. Kanyaga taratibu, mshale ukifika kilo 15 simama hapo, sikia mguu wako unavyosema. Rudia. Rudia tena, sasa bila kuangalia chini. Mara ya tano akapatia. Na yale magongo alimpimia vidole viwili vitatu chini ya kwapa, akamkataza kuyaegemea kwapani maana kuna mishipa ya fahamu pale inabanwa na mkono unaweza kulegea, uzito ushuke kwenye viganja. Mimi nimewaona watu wangapi Kongowea wananing'inia kwenye magongo kwa makwapa, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Haya, Jumapili. Mama alipasuliwa Ijumaa, na mpango ni kuwa kesho yake mtu asimame, si kwa kumtesa, ni kwa sababu mzee akilala sana mapafu yanajaa, ngozi inachubuka, misuli inaisha. Jumamosi akaja kijana mmoja peke yake, yuko zamu wodi zote. Akamkalisha mama ukingoni mwa kitanda, kichwa kikamzunguka, akapima presha imeshuka, akamlaza. Alifanya sawa kabisa simlaumu. Lakini mama alihitaji watu wawili, na baada ya saa moja angejaribiwa tena, na huyo wa pili hakuwepo. Jumapili hakuja mtu. Yaani mtu aliyevunjika nyonga akipasuliwa Jumatatu anasimama Jumanne, akipasuliwa Ijumaa anasimama Jumatatu, na mguu ni ule ule. Hapo ndipo nyota moja ilipoondoka na siirudishi mpaka hospitali iajiri watu, kwa sababu inchaji mwenyewe aliniambia ameandika barua za kuomba mtu wa Jumapili na bado anangoja. Alichoweza yeye ni kubandika karatasi ukutani juu ya kitanda tangu Ijumaa jioni, mazoezi manne yameandikwa kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, na mimi nilikuwa nimeshafundishwa Alhamisi. Jumapili nzima ni mimi na ile karatasi. Vidole, paja, makalio kukaza, pumzi.

Jumatatu saa tatu na nusu wakaja wawili. Kabla ya hapo sista alishampa mama dawa ya maumivu kama nusu saa nyuma, maana inchaji amekubaliana na masista dawa itangulie, fisio afuate. Mmoja wao alikuwa mwanamume, mama akajifunika leso mpaka usoni akanyamaza. Inchaji alikuwa kitanda cha tatu, akaliona hilo kwa mbali, akabadilisha watu papo hapo bila kusema neno, akaja mwenyewe na msichana mmoja wa chuo.

"Subalkheri bi mkubwa. Leo twasimama."

"Mwanangu mimi mguu sina."

"Unao mama, tena utakubeba. Nishike hapa mkononi, usinishike shingoni. Pua ije mbele juu ya vidole. Sema bismillah."

Akasema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti na mikono inanitetemeka. Mama akainuka, akashika woka, kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, jasho linamtoka, na yule inchaji goti lake limezuia goti la mama kwa mbele lisikunje. Woka mbele, mguu mgonjwa, mguu mzima. Hatua 4 mpaka kwenye kiti. Mama akakaa, akavuta pumzi, akaniambia nipe chai. Alikuwa hajaomba kitu tangu Jumanne ile.

Siku zilizofuata walienda mpaka mlango, mpaka msalani, mpaka mwisho wa korido na kurudi. Na alifundishwa mambo ya kujihadhari maana kwa aina ile ya opresheni nyonga yaweza kuchomoka: asiiname kupita usawa wa kiti, asipishanishe miguu, asigeuze mguu kwa ndani, miezi 3. Hapo mama akauliza sala. Inchaji hakushangaa, akamuonyesha pale pale kukaa kwenye kiti kirefu kigumu, rukuu kwa kuinamisha kichwa na kifua kidogo, sijda chini zaidi kidogo bila goti kupita nyonga. Choo vile vile, chetu ni cha kuchuchumaa, akasema hicho mama asikiguse. Kakangu akaenda kwa seremala akatengenezewa kiti cha mbao kirefu chenye tundu, tukakiweka juu ya choo, kazi ya siku moja.

Mwisho ni ngazi. Wodini wana ngazi tatu za mazoezi, fupi fupi. Inchaji akasema hizi si zako, akampeleka ngazi za nyuma za hospitali ambazo urefu wake wakaribia zile za kwetu, akampa mkongojo mkono mmoja na ukuta wenye mkono wa chuma upande wa pili. Kupanda aanza mzima, kushuka aanza mgonjwa, akamfanya mama aliseme kwa sauti kila ngazi. Siku ya kwanza 5. Siku ya pili 10, akapumzika kwenye kiti, 6. Zikatimia 16. Na akaniambia niite fundi aongeze mkono wa pili ukutani kabla mama hajarudi, maana wa kulia wakati wa kupanda ndio wa kushoto wakati wa kushuka. Mambo madogo kama hayo. Wengine wanaruhusiwa kwenda nyumbani kwa karatasi tu, yeye alikuwa hamtoi mtu kwenye ubao mpaka amemuona juu ya ngazi kwa macho yake.

Malalamiko mengine ni mafupi. Woka za wodi zilikuwa 3 kwa wagonjwa wote, mnapokezana, na ya mama ilikuwa raba moja imeliwa, inateleza, inchaji akaikataa na tukangoja nyingine. Na kliniki ya kurudi baada ya kutoka foleni ni ndefu mno, unafika saa moja asubuhi unaonwa saa sita, kumtoa mzee kwa tuktuk na kumkalisha benchi la chini masaa matano baada ya kumfundisha asikae chini, hilo si sawa, waweke hata viti viwili virefu.

Mwenye mgonjwa anakwenda kulazwa wodi ya mifupa popote pale Mombasa, ulizeni siku ya kwanza fisio atakuja saa ngapi, mguu unakanyaga kiasi gani, na wikendi kuna nani. Hesabuni ngazi zenu. Na sisi tulinunua woka yetu kwa 3,500 na sasa mama yuko na mkongojo tu, woka imekaa, raba zote nne nzima, na kile kiti cha choo kipo. Anayehitaji aje achukue, akimaliza arudishe apewe mwingine.