Skana au multimita: moduli za gari zinapoacha kuwasiliana

Skana (kifaa cha kusoma kodi za hitilafu za gari) ikisoma kodi U0100, inakuambia kwamba mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Haikuambii kama kompyuta yenyewe imekufa, fyuzi yake imeungua au waya umekatika njiani. Hata hivyo usiiache skana, kwa sababu ndiyo inayoonyesha haraka moduli (kompyuta ndogo za gari) zipi zinajibu na zipi ziko kimya.

Multimita haijui majina ya moduli, lakini inapima nyaya zenyewe. Tenganisha betri, kisha pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea skana. Kwenye mtandao wa CAN wa kasi kubwa (jozi ya nyaya zinazounganisha moduli) utapata takriban omu 60, kwa kuwa rezista mbili za omu 120 zimefungwa sambamba kwenye ncha zake. Ukisoma 120, rezista moja haifikiwi. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. (Baadhi ya magari yana moduli ya kati nyuma ya soketi, na hapo kipimo hakiufikii mtandao wa ndani.)

Mimi huanza na skana, ila sikubali moduli ibadilishwe kabla multimita haijathibitisha kwamba umeme na ethi vinaifikia.