Skrini ya mbao ya kukunja niliyonunua hapa Malindi: nakshi ya kweli, bawaba za aibu, na muuzaji asojibu salamu

Naanza na bawaba, manake nikianza na uzuri wa ile nakshi ntasahau nilikua nataka kusema nini. Nilinunua skrini ya mbao, zile za paneli nne zenye nakshi ya Kilamu, kwenye duka moja la fanicha na mapambo hapa hapa Malindi. Jina la duka silitaji, wenyewe watajijua. Bei niliyolipa mtu anapata kitanda na godoro lake, na nililipa yote mara moja sababu muuzaji alikataa arbuni, alitaka kamili au niiache.

Ilikuja na tuktuk imefungwa makatoni, tukaifungua, na walahi nyumba nzima tulinyamaza. Juu ina kimia, vile vijiti vya mbao vilopishana, hewa inapita na mwangaza unapita lakini mtu wa upande wa pili humuoni sura. Chini maua makubwa yamechongwa, na pembeni mnyororo umezunguka kila paneli. Ukipitisha kidole kwenye ua moja unasikia patasi ilipoingia na ilipotokea, na hakuna majani mawili yalolingana sawasawa, yaani unajua kabisa hapa kakaa mtu na nyundo yake, si mashine. Hilo siliondoi na sitaliondoa hata nikasirike vipi.

Na hatukuinunua kwa kujionyesha. Nyumba zetu hizi za kupanga, sebule na mahali pa kulia na jiko ni kitu kimoja, mgeni akifungua mlango anaona mpaka sufuria. Wazee wetu kule Lamu walijua kujenga. Mgeni wa kiume anakaa nje kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, na ndani vyumba ni virefu vyembamba manake boriti za mikoko hazivuki zaidi ya kama mita 3, kwa hivyo chumba kinafuatwa na chumba, mapazia yametungikwa kati, na mwanamke yuko na nyumba yake kule ndani hasumbuliwi na mtu. Sisi tumejengewa ukumbi mmoja. Baba watoto akija na watu wake, mimi na mabinti zangu tumekwama jikoni, hata kwenda msalani lazima upite mbele ya wanaume wa watu. Pazia la nguo tulilitia, upepo wa kusi ukivuma linabaki linapepea juu kama bendera na halifichi chochote. Ndio nkasema basi, tununue kitu cha mbao kizito, kisimame.

Kisimame! Hapo ndipo pananiuma. Skrini ya kukunja inasimama kwa sababu inakwenda zigizaga, paneli moja inatoka mbele, moja inarudi nyuma, kila moja inamshikilia mwenzake. Hii yetu haikutaka kabisa. Ukiivuta inajikunja upande mmoja tu, ya kwanza inaifuata ya pili, ya pili inaifuata ya tatu, inajizungusha mpaka inajifunga yenyewe. Ukiinyoosha iende moja kwa moja inasimama, lakini haina pa kushika, mtu akipita kwa haraka inayumba. Tukaiegemeza ukutani upande mmoja, upande wa pili tukauzuia na kabati la vyombo, tukasema tuone.

Baada ya Idi, siku za kutembeleana, wageni wakaja jioni. Binti yangu mdogo anatoka jikoni na sinia la kahawa na kaimati, wala hakuigusa ile skrini, mimi nilikua namtazama, ni upepo tu wa mlango wa nyuma ulofunguliwa, ikaenda yote. Bawaba ya juu ikang'oka na parafujo zake zote, chupa ya chai ikavunjika, kahawa juu ya zulia, na paneli ya mwisho ikatua pale pale alipokua amekaa mtoto wa jirani anacheza, ameitwa na mamake muda huo huo. Na sisi huku jikoni mtandio uko begani, mikono ina unga, na wanaume wote wamegeuka wanatutazama kwa mshtuko. Ile stara nilokwenda kuinunua kwa pesa zangu ndio ilonivua mbele za watu. Usiku ule sikulala vizuri kwa kumfikiria yule mtoto.

Nkampigia muuzaji hakushika. Nkamtumia picha kwa watsap, tiki zikawa buluu, kimya. Siku kadhaa hivi. Nkasema nakwenda mwenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa. Nkaingia dukani nikatoa salamu, asalamu aleikum, kwa sauti. Amekaa nyuma ya meza macho kwenye simu. Hakuitikia. Nkadhani hakusikia, nikarudia. Akasema, "Sema mamaa." Kijana wa rika la mwanangu wa pili! Shikamoo sikuitarajia, dunia imebadilika, lakini salamu ya Mungu? Hapa pwani hata mtu mliogombana naye akikupa salamu unamuitikia alafu ndio mgombane.

Nikatoa ile bawaba kwenye mkoba, nimeifunga kwa tishu pamoja na parafujo zake, nikaiweka mezani mbele yake, nikamueleza taratibu. Hakuishika. Aliisukuma kwa ncha ya chaja ya simu, ikarudi upande wangu. Alafu akaniambia, "Hio ni ya mapambo mamaa, si ya kukunjakunja. Unaiweka mahali inakaa hapo hapo."

Nkamwambia, mwanangu, umeniuzia skrini ya kukunja, wewe mwenyewe uliikunja hapa ukaitia kwenye tuktuk. Akajibu labda watoto wangu wameichezea.

Kabla sijapata la kusema wakaingia Wataliano, mzee na mkewe. Hawajavuka kizingiti yule kijana keshasimama, ciao, ciao, benvenuti, uso umefunguka, kiti kimevutwa, maji baridi yametoka kwenye friji. Mimi nimesimama pale na bawaba yangu. Sina neno na Wataliano, wako Malindi miaka na miaka, na kwa kweli yule bibi ndiye alonitazama akanisalimia "habari mama" akaangalia kile kichuma pale mezani akakunja uso, amefahamu. Mwenye duka hakufahamu. Salamu yangu hakuwa na nafasi nayo, ya mgeni aliikimbilia. Nikaichukua bawaba yangu nikatoka, na nilitoka natetemeka.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja wa Kiamu, seremala wa zamani, macho yamepungua lakini vidole vyake bado vinajua. Alikuja akaketi chini mbele ya ile skrini akaipapasa kwanza bila kusema kitu. Alafu akatuonyesha. Bawaba zote, zote, zimepigwa upande mmoja! Inatakiwa kiungo cha kwanza zipigwe mbele, cha pili nyuma, cha tatu mbele, ndio itoke zigizaga. Au mtu anunue zile bawaba zinazokunja pande mbili, zipo madukani. Binti yangu akatafuta kwa simu akanisomea kwamba Wajapani mamia ya miaka ilopita walikua wanaunga skrini zao kwa bawaba za karatasi, karatasi tupu, na zinakunja mbele na nyuma bila shida. Huyu wa kwetu ana chuma na msumari na umeme na hakujali hata kuigeuza bawaba moja.

Parafujo nazo za nusu inchi, kwa paneli nzito namna ile. Na zile bawaba niliambiwa ni shaba, hazishiki kutu, kwa hivyo hewa ya bahari si neno. Mzee akaomba sumaku, tukambandulia ile ya friji, akaisogeza, tap, ikanata. Shaba hainatwi na sumaku. Ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na nyuma kutu ishaanza. Na mbao nayo nilouziwa kama mvule, akaikwangua kidogo kwa chini pasipoonekana, akanusa, akasema ni mwembe umetiwa rangi. Mwembe si mbao mbaya, alisema, ukikaushwa vizuri na kutiwa dawa ya wadudu unakaa, lakini mtu auziwe mwembe kwa bei ya mwembe.

Kisha akarudi kwenye yale maua, akaweka dole gumba ndani ya jani moja akalizungusha. "Hini ni kazi ya mkono, mwanangu. Aliyechonga siye aliyetia bawaba."

Hapo ndipo nilipogeuka kidogo, manake mpaka wakati ule nilikua nataka kuandika msinunue vitu vya nakshi kabisa, ni wizi mtupu. Sasa namfikiria yule fundi kule Lamu, alokaa na patasi akaupasua ule mnyororo pete baada ya pete, hajui kwamba kazi yake imefika huku ikapigwa chuma cha bei rahisi na parafujo fupi na mtu asojua hata skrini inasimama vipi. Kadhulumiwa yeye na nimedhulumiwa mimi.

Mzee aliziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi, akatia bawaba za shaba tulizonunua wenyewe, parafujo ndefu, mbele nyuma mbele. Imesimama, na upepo upo. Wageni wakija sasa napita na mambo yangu hakuna anayenijua nimevaa nini. Kwa hivyo ukiniuliza kama naipenda, naipenda sana, ndio kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwangu. Nilikua niwape nyota tatu kwa sababu ya hio nakshi. Lakini kila nikiandika nakumbuka ile ncha ya chaja, na yule mtoto alokua amekaa pale, na nakuta siwezi. Nyota ni za fundi, duka halipati hata moja.

Kama wewe unaitaka skrini na huna njia ya kwenda Lamu kuzungumza na fundi mwenyewe, basi usilipe mpaka waifungue hapo hapo dukani, isimame katikati ya sakafu bila kuegemezwa popote, uipige kibao kidogo uone. Geuza uhesabu bawaba zinaangalia wapi. Toa parafujo moja uipime. Nenda na sumaku, wakinuna wanune.

Na wewe mwenye duka, kama inakufikia: bawaba mpya, ufundi wa mzee na zile parafujo nimelipa mimi, risiti ninazo zote. Nakuja kuzidai, pamoja na chupa ya chai.