Mavazi ya prepi kwa bei ya mtumba: anzia wapi, acha nini

Shati la oksfodi lenye vifungo kwenye ncha za kola, kadeti ya kaki, bleza ya bluu ya giza, fulana ya kola, moka za ngozi. Hiyo ndiyo prepi, na nusu ya vitu hivyo tayari vinaning'inia Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam. Mtindo huu ulianza kama uvaaji wa vijana wa shule za bweni za kitajiri na vyuo kama Yale na Princeton, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wamarekani nao hawachoki kugawa nguo zao, na sehemu kubwa ya wanachogawa hufungwa kwenye belo na kupakiwa melini.

Kabla hujatoa hela, jua kwamba sokoni bei hupangwa na chata la kifuani. Muuzaji akiona farasi wa Ralph Lauren au mamba wa Lacoste, bei inapanda palepale. Asipoona kitu, shati linatupwa kwenye rundo pamoja na mengine. Bahati ni kwamba mashati mengi mazuri ya mtindo huu hayana kitu kifuani. J. Press, duka lililoanza mwaka 1902 pale New Haven jirani na Yale, L.L.Bean ya Maine, Lands' End, hata mashati mengi ya Brooks Brothers, kampuni iliyokuwapo New York tangu 1818. Soma lebo ya shingoni na ukae kimya. Ukianza kushangilia, umejipandishia bei mwenyewe. Hizi hapa njia za kuzipata, kuanzia iliyo bora.

Nafasi ya kwanza: mtumba, uende mwenyewe

Kwa shati na bleza sioni mshindani. Shati jipya la oksfodi la Ralph Lauren huko kwao ni zaidi ya dola 100. Sokoni, lisilo na chata unaweza kulipata kwa noti ya elfu kumi na ukadai chenji. Wahi asubuhi belo linapofunguliwa, kabla wale wa kupointi, wanaochagua nzuri ili wakaziuze, hawajapita. Nairobi, pale Gikomba au Toi, ulizia kamera, yaani zile za chaguo la kwanza; ukifika jioni unakuta fagia, yaani mabaki.

Ukishalishika shati, litoe kwenye kivuli cha turubai. Oksfodi halisi ya bluu ukiisogeza karibu na jicho si bluu tupu: ni uzi wa bluu uliopishana na uzi mweupe, na kitambaa kina vichembe unavyovihisi kwa kidole. Kunja kola. Ikiwa ngumu kama kadi, imegandishwa kwa gundi ndani na haitakaa vizuri. Kola nzuri ni laini, ukiifunga vifungo vyake inajipinda kidogo mbele. Kisha kagua inapokunjika shingoni na kwenye ncha za mikono, maana ndiko shati hulika kwanza, na makwapani, ambako njano ikishakomaa hata jiki haiitoi. Kifungo kimoja kukosekana kisikutishe. Tazama chini kwa ndani, mara nyingi kuna cha akiba kimeshonewa.

Lebo ikiandika 15½ na 33, namba ya kwanza ni shingo na ya pili ni urefu wa mkono, kwa inchi. Hizo namba ni msaada mkubwa kuliko M au L, ambazo kwa Wamarekani huwa pana kuliko tulivyozoea.

Bleza ina sheria moja: bega. Mshono wa bega ukae pale bega lako linapoishia. Fundi atakupunguzia kiuno, atafupisha mikono, lakini bega likiwa kubwa liache hapohapo hata kama bei inakuliza. Angalia pia kola ya koti: ikiwa na malengelenge, gundi ya ndani imeachia na hakuna pasi itakayoirudisha. Vifungo vya shaba si lazima uvikute, utavinunua Kariakoo na kuvibadilisha. Ila usichukue koti la suti linalong'aa ukadhani vifungo vitaligeuza bleza. Watu wataona tu suti iliyopoteza suruali.

Ya pili: fundi wako

Kadeti za mtumba zinanichosha. Mapaja yamelika, kiuno ni cha mtu mwingine, na zile zilizo nzima nyingi zimechanganywa na nyuzi za kuvutika. Ukikuta ya pamba asilimia 100 inayokutosha, chukua. 32 x 30 kwenye lebo maana yake kiuno 32, mguu kwa ndani 30. Usipoipata, nunua kitambaa cha dirili ya pamba, kiloweke usiku kucha kisije kikanywea baada ya kushonwa, umpelekee fundi. Mwambie mapema: suruali ikae kiunoni, mguu uwe mnyoofu, pindo likunjwe kwa nje. Usiposema atakushonea ya kubana, kwa sababu ndiyo anayoombwa kila siku.

Kaptura ni kazi ya fundi pia. Wenzetu wa huko hushonea madrasi, ile pamba nyepesi ya mirabamiraba yenye asili yake Chennai, India. Mimi naona kikoi kinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi: kaptura ya kikoi na shati jeupe la oksfodi lililokunjwa mikono, kwa joto la Tanga au Mombasa, haina mpinzani.

Ya tatu: wanaouza za kupointi mtandaoni

Unalipia macho na miguu ya mwenzio, na ni haki yake. Usikubali picha moja iliyopigwa kwa mbali. Omba picha ya lebo, ya kola kwa karibu, na futi ya cherehani ikiwa imelazwa kutoka kwapa hadi kwapa. Asiyetaka kupima ana sababu.

Ya nne: ndugu aliye ughaibuni

Shati moja la eBay ukishalipia usafirishaji na ushuru halina tena unafuu. Bora lisubiri begi la anayekuja likizo. Mwagize aende Goodwill na maduka mengine ya mitumba ya huko, au Lands' End wakati wa punguzo, nao wana punguzo karibu kila mara. Awe macho na maduka ya outlet, yale ya kampuni yanayouza kwa bei ya chini, maana mengi huuza nguo zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Brooks Brothers walikuwa wakiziwekea za aina hiyo lebo ya 346. Si mbaya, ila zisilipiwe bei ya zile nyingine.

Ya mwisho kabisa: farasi feki

Fulana mpya zenye farasi kifuani, dukani bei rahisi. Geuza ndani utazame nyuma ya darizi: nyuzi zinaning'inia, na kwa mbele miguu ya farasi imeungana ikawa donge. Zikifuliwa mara chache kola inajikunja. Msiwaonee lakini U.S. Polo Assn., wale wenye wapanda farasi wawili. Si feki, ni kampuni nyingine isiyohusiana na Ralph Lauren.

Viatu nimeviacha pembeni kwa sababu havifuati mpangilio huu. Moka za G.H. Bass, zinazotengenezwa tangu 1936, na zile za Sperry zenye soli nyeupe ya mikato, hupatikana mtumbani. Chukua tu ambazo hazijavaliwa sana, maana ngozi hushika umbo la mguu wa mwenyewe. Soli iliyoisha fundi viatu atabadilisha. Ngozi iliyopasuka pale vidole vinapokunjikia haina dawa.