Laptopu ya kazi nzito ya mtumba: uzoefu wangu, na kisa cha chaja

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Dar es Salaam. Kutwa niko ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, na jioni natengeneza zile picha za kumwonyesha mteja nyumba yake itakavyokuwa ikiisha. Laptopu za kawaida zilinichosha. Ukifungua ramani yenye tabaka nyingi kidogo, mshale unaganda, feni inalia, na mteja yuko pembeni anakutazama. Mpya yenye nguvu niliyoitaka, bei yake unapata kiwanja Chanika na chenji ya bodaboda.

Nikaingia Kariakoo kutafuta zile laptopu nene za maofisi ya wahandisi, ukoo wa akina Precision, ZBook na ThinkPad P. Nyingi zinatoka kwenye makampuni ya Ulaya ambayo hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo unaipata mashine imechubuka kona lakini ndani ni nzima. Jina la kampuni iliyotengeneza ya kwangu silitaji. Ndani ina prosesa ya Xeon E3-1505M v5, viini vinne (vitengo vyake vya kufanyia kazi), kasi ya kawaida GHz 2.8 na ikijitutumua inafika 3.7. Kadi ya picha ni Quadro M2000M yenye kumbukumbu ya GB 4. Nafasi za RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ziko nne na zinabeba hadi GB 64. Mimi nimeishia 32 na sijawahi kulia.

Dukani sikuhangaika na kuwasha muziki kama wanunuzi wengi. Niliingia kwanza kwenye BIOS, yale mipangilio ya msingi ya mashine yanayofunguka kabla ya Windows. Hizi zilikuwa mali za makampuni, na nyingine zinafika huku bado zimefungwa kwa nywila ya msimamizi wa kule. Ikidai nywila, irudishe mezani hata kama muuzaji anaapa kwamba kuna kijana wake ataifungua kesho. Kisha niliandika amri ya powercfg /batteryreport, inayokupa ukurasa mzima wa historia ya betri: ilizaliwa na uwezo gani na leo inajaa hadi wapi. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, wewe ni fundi?" Bei ikashuka kidogo hapo hapo.

Sasa niseme kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Kwa AutoCAD ya ramani za kawaida, viini vingi havikusaidii sana, maana sehemu kubwa ya kazi yake inapita kwenye kiini kimoja. Kinachokusaidia ni kasi ya hicho kimoja, RAM ya kutosha, na SSD, yaani hifadhi ya kasi. Viini vyote vinafanya kazi kweli unapotengeneza picha za mwisho. Na kama programu yako inasuasua ilhali una Quadro, angalia kwanza inatumia kadi ipi. Mashine hizi zina kadi mbili, moja ndogo iliyo ndani ya prosesa kwa ajili ya kuokoa chaji, na mara nyingine Windows huipa AutoCAD hiyo ndogo. Unaingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya picha, unaichagulia programu kadi kubwa. Kazi ya dakika mbili, na kuna watu wameuza mashine zao kwa kukosa kuijua.

Lakini kisa chenyewe ni cha chaja.

Umeme ulikatika mtaani kwetu, ukarudi kwa kishindo, na chaja iliyokuja na mashine ikafa. Nikanunua nyingine: umbo lile lile, kichwa kile kile, imeandikwa wati 180. Mashine ikawaka. Kuanzia siku hiyo ikawa nzito ajabu. Kufungua ramani ya ghorofa moja unakwenda kununua maji na kurudi. Betri nayo imesimama pale pale, haipandi.

Fundi wa kwanza hakutaka hata kuishika vizuri. Alisema ni virusi, tupige Windows upya. Akapiga. Mashine ikarudi safi, haina kitu ndani, na nzito vile vile. Akaja na wazo la pili, kwamba bodi imechoka.

Nilichofanya ni kufungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi, na kukaa kwenye ukurasa wa prosesa. Pale chini kuna namba ya kasi, na ilikuwa imeganda kwenye GHz 0.79. Nikafungua ramani nzito, 0.79. Nikaanza kutengeneza picha, 0.79. Prosesa ya 2.8 haiwezi kubaki hapo wakati ina kazi, isipokuwa kuna mtu ameishika breki. Nikachomoa chaja kwa ile betri kidogo iliyobaki, na namba ikaruka hapo hapo ikapita 2.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Mtaa wa Aggrey, hakuwasha hata mashine. Aliipima chaja mkononi, akatabasamu. "Kijana wangu, hii ni nyepesi. Ya 180 ukiibeba unajua umebeba." Akanigeuzia kichwa chake nitazame katikati. Kuna pini nyembamba sana pale, na kazi yake si kupitisha umeme wa kuendesha mashine. Inapitisha taarifa kutoka kwenye kipande kidogo kilichomo ndani ya chaja, kinachoiambia mashine "mimi ni wa wati kadhaa". Chaja halisi ya 180 inatoa volti 19.5 na ampea 9.23. Ile yangu ilitoa umeme lakini taarifa haikutoka. Mashine isipomtambua anayeilisha inajihami: inakataa kuchaji betri, na inaibana prosesa isije ikavuta umeme kuliko uwezo wa chaja. Haijaharibika hata kidogo, inajilinda tu.

Nilimuuliza mbona haikunipa onyo ikiwaka. Akaingia kwenye BIOS, akanionyesha mstari wa maonyo ya chaja. Ulikuwa umezimwa. Mimi sijawahi kuugusa, kwa hiyo huenda mashine ilinifikia ukiwa tayari umezimwa. Na fundi wa kwanza alinipigia Windows na kunitoza bila kuishuku chaja. Hapo nilikaa kimya kidogo.

Mzee akachomeka chaja yake. Taa ya betri ikawaka, namba ikapanda. Alinieleza pia kwamba kama hata chaja halisi ingekataliwa, mshukiwa wa pili ni soketi ya kuchomekea. Kwa mashine yangu soketi ni kipande cha peke yake chenye waya wake, hakijachomelewa kwenye bodi, unakibadilisha kwa bisibisi. Hili ndilo linalonifanya nizipende mashine hizi. Mfuniko wa chini unafunguka kirahisi, na mtengenezaji ametoa bure kitabu cha kuifungua kinachotaja kila skrubu.

Joto nalo lina habari yake, ila fupi. Wakati wa kutengeneza picha ilikuwa inapanda hadi karibu nyuzi 100, halafu kasi inashuka. Tulipoifungua, vumbi lilikuwa limeshikamana kama sufi mbele ya mapezi ya shaba, na dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka hadi inamenyeka. Tulisafisha feni zote mbili na kupaka dawa mpya, sasa inatembea kwenye nyuzi themanini na kitu. Kwa vumbi la Dar, nadhani kila mwaka inafaa kufunguliwa.

Uzito usiudharau. Ukijumlisha na chaja, begani una kilo tatu na zaidi, na chaja yenyewe ni tofali. Mwanafunzi wa kugombania daladala asubuhi simshauri. Betri ilizaliwa na saa-wati 91 na ya kwangu sasa haifiki hapo. Kwa kazi nzito inakata mapema, kwa hiyo ihesabu kama mashine ya mezani inayoweza kusafiri.

Kilichobaki ni Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha mashine yangu haimo kwenye orodha yao ya Windows 11. Mimi nimejiandikisha kwenye masasisho ya ziada ya usalama, yanayonifikisha Oktoba 2026. Kwa hiyo ukienda Kariakoo leo usichukue ya kizazi hicho hata ikiwa bei inakuita. Tafuta yenye Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aichomeke kwa chaja ile ile utakayoondoka nayo, sio ile ya mezani kwake, ufungue Task Manager, uipe kazi, uangalie namba inapanda au imeganda.